Mrejesho: Diski ya seva ya barua pepe imepumua

Ndugu zangu, shukrani. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini diski ya Exchange (programu ya Microsoft ya seva ya barua pepe) hapa ofisini kwetu Mombasa haipati nafasi hata nikifuta masanduku ya barua ya walioacha kazi. Mlisema kweli: hifadhidata, yaani faili kubwa linalotunza masanduku hayo, hubaki na nafasi tupu ndani, faili lenyewe halinywei. Nikaunda hifadhidata mpya, nikahamishia masanduku humo usiku. Ya zamani ilikataa kufutika mpaka nilipohamisha na masanduku ya mfumo yaliyojificha.

Kilichonishtua zaidi ni faili za logi (kumbukumbu za kila badiliko kwenye hifadhidata), MB 1 kila moja, maelfu kwa maelfu! Bekapu kamili ikikamilika ndiyo huziondoa; yangu ilikuwa haikamiliki, ndiyo maana zilirundikana. Sasa inakamilika. Aliyenikataza kuzifuta kwa mkono, Mungu ambariki.