Kundi la marafiki lenye watu 24, lakini mtu anasabahi na haitikiwi: tumempoteza mwenzetu kwa sababu hiyo

Wanajamvi, salaam. Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu jambo hili limenikera kwa muda mrefu na sasa limenikosesha rafiki.

Sisi ni watu 24 tuliosoma pamoja hapa Tanga mjini, wengi wetu watoto wa Ngamiani, wachache wa Chumbageni, na mmoja aliyekuwa akija kila asubuhi kutoka Pongwe. Mwaka 2016 tulifungua kundi la WhatsApp, na miaka ya mwanzo lilikuwa na raha yake. Mtu akipita akaona duka tulilokuwa tukinunua kashata limebomolewa, alipiga picha akaituma, na kabla ya adhuhuri kila mmoja alikuwa ameshasimulia deni alilomwachia mwenye duka. Coastal Union ikicheza Mkwakwani, waliokuwa uwanjani waliwatangazia walioko Dar es Salaam na Arusha. Hakuna aliyekuwa akituhimiza kuzungumza. Tulikuwa tukiitikiana tu.

Leo kundi hilohilo limebaki na picha za maua zilizoandikwa "Asubuhi njema", taarifa za misiba, na michango. Kuhusu misiba sina neno, maana kuzikana ni haki yetu sote. Mchango nao ni wajibu, ila kila anayetoa shilingi 20,000 hunakili orodha nzima, akaongeza jina lake na kuibandika upya, hivyo kwa siku moja orodha ileile inapita mara 15, na aliyeuliza mapema hali ya mzazi wa mwenzetu swali lake linafunikwa bila mtu kuliona. Halafu kuna jumbe za kusambazwa, zile zenye mishale miwili, za tiba ya majani na za bahati nasibu za uongo. Tangu mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hauwezi kupelekwa kwenye makundi matano kwa mpigo. Unapelekwa mahali pamoja pamoja. Kwa hiyo anayetuletea takataka hiyo hajateleza kidole. Amelitafuta jina la kundi letu, akalichagua, akatuma, na siku hiyohiyo ameshindwa kumjibu mwenzake neno moja.

Sasa niseme lililonifikisha hapa. Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, mwenzetu anayefanya kazi Korogwe aliandika kwamba Jumamosi angekuwa Tanga, akaomba tukutane Raskazone saa kumi jioni. Samaki wangekuwa juu yake, sisi tungeleta mihogo na vinywaji. Nilijibu mimi, na mwingine akaweka alama ya dole gumba. Siku ilipofika tulikuwa watatu. Alikuwa amewanunua changu wanne wakubwa asubuhi pale soko la samaki la Deep Sea, ameshawatia ndimu, chumvi na pilipili, wamo ndani ya beseni lililofunikwa kwa sinia. Tulikaa hadi saa kumi na moja na nusu bila kuwasha mkaa, kwa sababu kila mara alisema tuwasubiri kidogo.

Mwishowe alinionyesha simu yake. Ukiubonyeza kwa muda ujumbe ulioutuma mwenyewe na kufungua taarifa zake, unayaona majina ya waliousoma na saa waliyousoma. Walikuwa 21. Alipitisha kidole kwenye majina hayo, akalitaja moja baada ya jingine, na alipofika kwenye jina fulani akasimama, akasema: "Huyu nilimpeleka hospitali ya Bombo usiku wa manane mkewe alipopata uchungu." Hakuongeza kitu. Ilipoadhiniwa Magharibi tulikuwa tumechoma changu wawili, na wawili akarudi nao kwa mama yake.

Jumatatu alilefti. Siku hizi mtu akijitoa wanaoarifiwa ni maadmini peke yao, na maadmini wetu wawili waliona wakanyamaza. Sisi wengine tuligundua siku 9 baadaye, na hatukugundua kwa sababu tulimkumbuka: mweka hazina wa mchango wa harusi alikuwa akimtafuta kwenye orodha ili amkumbushe ahadi yake. Jambo hilo limenitia uchungu kuliko yote niliyoyaeleza hapa.

Msinijibu kwamba watu wana shughuli nyingi, kwa maana haohao nawaona wakibadilisha status mara tatu kwa siku, na kwenye makundi ya Simba na Yanga wanabishana hadi usiku. Sisi tumelelewa na baraza. Mtu akipita mbele ya baraza akasabahi, anaitikiwa, hata kama waliokaa wamo katikati ya bao na mmoja yuko karibu kufungwa. Mtoto asiyeitikia aliulizwa amelelewa wapi. Mbona kwenye simu tumejipa ruhusa ya kumtazama mtu akisabahi, kisha tukageuza uso?

Maadmini nao wana lao. Mwaka jana watu wawili walitukanana kwa ajili ya siasa, na badala ya kuyafuta matusi yale, uwezo walionao, wakalifunga kundi zima kwa wiki mbili ili waandike wao tu. Lilipofunguliwa hakuna aliyekuwa na hamu ya kuanza. Sasa mmoja wao anapendekeza tuongeze watu ili lichangamke. WhatsApp inaruhusu watu hadi 1,024 katika kundi moja. Hata wakijaa wote, watakuwa wasomaji 1,024 walionyamaza.

Ninachokitaka ni kidogo. Michango ihamie kwenye kundi lake, lenye mweka hazina wake, na orodha aiandike yeye peke yake jioni. Anayeita watu aweke kura, ambayo WhatsApp inayo tangu mwaka 2022, maana kugusa "Siji" hakumalizi bando la mtu, na aliyeambiwa "Siji" anajua anunue samaki wangapi. Anayetuma ujumbe wa sauti wa dakika sita aandike kwanza unahusu nini. Na mtu akieleza habari yake mwenyewe, ya mtoto aliyefaulu au ya gari lililoharibika Segera, aitikiwe kwa maneno, na aulizwe swali moja ili aendelee kusimulia. Hivyo ndivyo mazungumzo yalivyokuwa yakikua zamani.

Nilimpigia simu mwenzetu huyo. Alipokea vizuri, akamuulizia mama yangu na mguu wake unaomsumbua, lakini nilipomwomba nimrudishe kwenye kundi alisema nisifanye hivyo. Jumamosi hii yuko tena Chumbageni kwa mama yake. Tangu juzi nimeweka kura kwenye kundi, nikiuliza nani atafuatana nami kwenda kumwona. Hadi ninapoandika haya wamepiga kura watu wanne.