Blogu ya aina gani inafaa kwa mambo ya dagaa? Tulinganishe

BintiMwaloni

Habari za saa hizi wanajukwaa. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Maswali ninayoulizwa kwenye simu ni yale yale kila uchao: gunia leo bei gani, dagaa wa chanja (walioanikwa juu ya kichanja) utawajuaje, wale wa mchanga (walioanikwa chini) wasafishwe vipi, mzigo wa kwenda Kongo ufungwe namna gani. Nimechoka kurekodi sauti. Nataka nifungue blogu niandike mara moja, anayeuliza nimtumie kiungo.

Sasa kila ninayemwomba ushauri ana lake. Mmoja anasema fungua blogu ya habari, mwingine ya biashara, mwingine "nenda Blogger", mwingine "WordPress ndiyo mpango mzima". Sijui hata kama hivyo vyote ni vitu vya kulinganishwa. Kompyuta naijua kiasi, ofisi yangu ni simu, na hela ya kuwekeza kwa sasa ni ya bando tu. Nisaidieni.

FundiRwagasore

Dada, hao wamejibu maswali mawili tofauti. Habari, biashara, shajara, mada moja: hapo tunaongelea unaandika nini na unamwandikia nani. Blogger na WordPress ni mitambo ya kuchapishia blogu. Aina yoyote inakaa juu ya mtambo wowote.

Naanza na mitambo maana ndiyo inayonilisha. Blogger ipo tangu 1999, Google wakainunua 2003. Unahitaji akaunti ya Gmail tu. Maandishi na picha vinakaa kwenye seva zao (kompyuta zao za mtandaoni), hulipii, na anwani yako inaishia na blogspot.com. Ukija kupata domeni yako, yaani anwani yenye jina lako mwenyewe, unaiunganisha bila Google kukudai chochote, unalipia domeni peke yake. Ubaya wake ni sura zilizopitwa na wakati, na ukweli kwamba wewe ni mpangaji, mwenye nyumba ni Google.

WordPress imetoka 2003, na hapa ndipo watu hupotea kwa sababu ziko mbili. WordPress.com ni kampuni inayokutunzia blogu. Kuna ngazi ya bure, ila wanaweka matangazo yao humo, na ukitaka domeni yako lazima ulipie. Ya WordPress.org ni programu yenyewe: unaichukua bure, unaipandisha kwenye seva uliyokodi. Msomaji akifungua ukurasa, programu inakwenda kwenye hifadhidata, inachota maandishi yako, inayavika sura na kumpelekea. Ndiyo maana unaweza kuiongezea karibu chochote, iwe duka, fomu ya oda au kikokotoo cha kilo. Lakini kusasisha ni juu yako, kutunza nakala za akiba ni juu yako, wadukuzi ni wako, na seva inalipiwa kila mwaka. Usipolipa inazimwa. Nimeletewa watu hapa dukani wanataka niwarudishie blogu, nakala hawana, na seva imeshafutwa zamani.

Kwa bajeti ya bando nenda Blogger. Ukikua, posti zake zinatolewa zote kwenye faili moja na kuingizwa WordPress.

MwlMalimbe

Fundi kamaliza upande wake. Mimi niseme juu ya aina, nikianzia nyumbani.

Blogu za Kiswahili za mwanzo zilikuwa za mtu na fikra zake. Ndesanjo Macha alikuwa na Jikomboe, na wengi wetu tulijua neno blogu kupitia kwake. Kisha 2005 mpiga picha Issa Michuzi akafungua ya kwake, na Watanzania walioko ughaibuni wakapata dirisha la kuchungulia nyumbani kila asubuhi: picha, maelezo ya mistari miwili, maoni ya wasomaji chini. Hizo tayari ni aina mbili zinazokwenda kwa nguvu tofauti kabisa. Ya kwanza unaifuata kwa sababu ya kichwa cha mwandishi, naye akinyamaza mwezi mzima wasomaji wanamsubiri. Ya pili unaifuata kwa sababu kuna kipya. Mwenyewe akinyamaza siku mbili, watu wameshahama.

Waliomuiga Michuzi ni wengi kupita kiasi. Utakuta taarifa moja kwa vyombo vya habari, picha moja, hata kosa la herufi ni lile lile, kwenye blogu kibao siku hiyo hiyo. Usiende huko dada, hutamaliza kukimbia.

Aina ya tatu ni ya mada moja: mapishi, kilimo, ufugaji, mitihani ya zamani. Hii inaishi kwa kutafutwa. Mtu yuko Dodoma, dagaa wake wana mchanga, anaiuliza Google namna ya kuutoa, anakuangukia wewe. Posti ya miaka mitatu nyuma inaweza kusomwa kuliko ya jana. Blogu ya biashara ni hiyo hiyo ya mada moja, tofauti ni kwamba mwandishi ana bidhaa mkononi. Kosa lake kubwa ni kuigeuza kuwa bango: "karibuni dukani kwetu, bei poa" kutoka juu mpaka chini. Hakuna anayerudi kusoma bango.

Halafu kuna blogu ya kundi. Blogger inaruhusu waandishi hadi 100 kwenye blogu moja. Inapendeza kwenye karatasi, lakini asipokuwepo mhariri mmoja mwenye neno la mwisho inageuka kikao cha harusi, kila mtu ana hoja na michango haiji. Za picha tupu na za video sitazigusa, wateja wako wanataka maelezo.

Jambo moja la kuangalia. Blogu kwa maumbile yake inaweka kipya juu na kusukuma cha zamani chini. Mpangilio huo unampendelea mtoa habari. Anayefundisha anaumia, kwa sababu somo lake bora linazama. Dawa ni lebo, yaani jina la mada unaloibandika kila posti, pamoja na ukurasa wa kudumu wa "Anzia hapa" wenye viungo vya masomo yako yote makuu.

KakaNansio

Mwalimu tunakuheshimu, lakini zama hizi nani anafungua blogu? Wateja wa dada wako WhatsApp. Afungue chaneli, atupie bei asubuhi, kazi kwisha. Mimi huku Ukerewe mtandao wenyewe wa kubahatisha, ukurasa wenye mapicha mazito siufungui hata kwa fimbo.

BintiMwaloni

@KakaNansio chaneli ninayo kaka. Mtu anajiunga leo, anauliza nililoeleza juzi. Hapandi juu kusoma.

Ila umenifungua macho kidogo. Ninachoandika mimi kiko namna mbili: bei inakufa kesho, somo la chanja halifi. Basi bei zibaki WhatsApp, masomo ndiyo yaende kwenye blogu. Au?

MzeeKayenze

Binti yangu, hapo ngoja kwanza. Nimenunua dagaa kabla hujazaliwa, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni hizi za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina kazi, mitumbwi inapumzika, mzigo mwaloni unapungua na bei inapanda. Giza likirudi, bei inashuka. Juu ya hapo weka masika: mvua ikinyesha wiki nzima dagaa hawakauki, wanaharibika, mzigo ambao ungekwenda kwa mlaji unaishia kwenye chakula cha kuku. Kwa hiyo mtu ukimwambia "gunia leo ni kiasi fulani" hujamwambia kitu. Anachotaka kujua ni kama hiyo ni bei ya giza au ya mbalamwezi, na giza kama hili mwaka jana ilikuwaje.

Hilo nani analo leo? Mimi nilikuwa naandika kwenye madaftari, mchwa wamekula nusu. Huko WhatsApp bei ya mwaka jana utaipata wapi, na simu umeshabadilisha? Blogu kila posti ina tarehe yake, na miezi inajipanga pembeni yenyewe. Weka bei humo kila giza na kila mbalamwezi. Mwaka ukipita utakuwa na kitu ambacho hata hao wanunuzi wakubwa watakuja kukitafuta.

Lakini uandike kipimo. Gunia la kilo ngapi, wa chanja au wa mchanga, mwalo gani mitumbwi imeshusha. Bei isiyo na kipimo ni umbea.

BintiMwaloni

Shikamoo mzee. Wabeja sana. Kumbe nilitaka kutupa kile ambacho ndicho mali yenyewe.

MwlMalimbe

Mzee amenishinda kwa hoja. Niliona mpangilio wa tarehe kama adui wa mwenye kufundisha, na kwa masomo bado nasema hivyo. Kwa bei, tarehe ndiyo somo lenyewe.

FundiRwagasore

Kiufundi hilo ni jepesi. Blogu moja, lebo mbili: "Bei" na "Masomo". Blogger inaipa kila lebo anwani yake, unaziweka juu kama menyu, anayetaka bei haoni masomo na anayetaka masomo haoni bei.

Bei mpya iwe posti mpya. Usiingie kwenye ya zamani ukabadilisha tarakimu, maana ukibadilisha umefuta historia anayoizungumzia mzee. Andika tarakimu kama maandishi, usipige picha ubao. Picha ya ubao ni nzito kwa watu wa Nansio, na mtambo wa kutafuta unasoma maandishi vizuri zaidi. Picha zenyewe, moja au mbili kwa posti, uzipunguze ukubwa kwenye simu kabla ya kupandisha.

Halafu kiungo cha kila posti ukitupie kwenye chaneli yako. Chaneli inaita watu, blogu inatunza. KakaNansio hapo atakuwa ameridhika.

KakaNansio

Nimeridhika nusu. Iwe nyepesi kweli.

NgoshaIgoma

Na pesa je? Blogu ikipata wasomaji si unaweka matangazo ya Google unalala?

FundiRwagasore

@NgoshaIgoma ndoto hiyo imewakosesha usingizi vijana wengi hapa mjini. Matangazo ya Google yanaitwa AdSense. Yakifika dola 10 wanakutumia barua ya posta yenye namba ya siri kwenda S.L.P. yako, kuthibitisha anwani, na malipo yanatoka yakifika dola 100. Kwa blogu inayosomwa na wafanyabiashara wa dagaa, hizo dola 100 utazisubiri sana. Dada akiuza gunia moja kwa mtu aliyesoma somo lake, amewapita Google.

Wapo pia wanaoandika jarida la barua pepe kwa Substack na kutoza wasomaji kila mwezi. Substack inakata asilimia 10, na malipo yake yanapita Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ambayo haijafunguliwa kwa akaunti za Tanzania. Kwa hiyo kwetu hapa inafaa kwa jarida la bure tu.

WakiliNyamagana

Hakuna aliyegusa sheria, na hapa ulinganisho wa aina unabadilika.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kusajiliwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ada ilikuwa laki 1 ya maombi, milioni 1 ya leseni ya kuanza, na milioni 1 kila mwaka. Baadhi walizima blogu zao. Kanuni hizo ziliandikwa upya 2020 na zimerekebishwa tena baada ya hapo, kwa hiyo usipangie bajeti tarakimu za 2018. Kinachokuhusu ni kwamba blogu ya habari na matukio ndiyo inayobanwa zaidi. Masomo ya kukausha dagaa ni jambo moja. Ukianza kuripoti mtumbwi uliozama au mgogoro wa ushuru sokoni, umeingia kwenye uandishi wa habari, na hapo ni jambo jingine. Ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza. Nenda na karatasi yenye maelezo ya utakachoandika, waulize wakujibu kabla hujaanza.

La pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wale akina mama wanaoanika dagaa usiwapige picha za sura na kuziweka bila ruhusa yao, wala usiandike namba ya simu ya mteja kwenye posti. Piga mikono, piga chanja, inatosha.

BintiMwaloni

Asante wakili, hilo la ofisi nitalifanya kwanza. Habari za ajali na ushuru sitaandika, wapo wa kuziandika.

Naona nimefika: blogu ya mada moja, Blogger, lebo mbili, masomo machache ya kuanzia, bei kila giza na kila mbalamwezi. Mzee Kayenze, madaftari yaliyosalimika naomba nije niyanakili, nitaandika kuwa yametoka kwako.

Swali la mwisho. Kuna kijana amejitolea kuninunulia domeni ya co.tz na kunitengenezea kila kitu. Nimwachie?

MzeeKayenze

Njoo Jumamosi. Uje na begi.

FundiRwagasore

Akutengenezee sura, sawa. Domeni isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, nenosiri uliweke wewe. Hapa mjini kuna watu ambao domeni za biashara zao ziko kwa jina la fundi aliyehama, na wakitaka kuzihuisha hawampati. Mimi ni fundi na nakwambia usimwamini fundi kwa hilo. Blogger yenyewe ifungue kwa Gmail yako, kijana umwongeze kama mwandishi, usimpe uongozi. Na kila mwisho wa mwezi toa nakala ya blogu nzima uiweke kwenye flashi. Yahoo walifunga GeoCities, huduma yao ya kurasa za bure, 2009 na kurasa za watu wengi zikaenda nayo. Google nao wamefunga vitu vingi.

Domeni yenyewe haina haraka. Anza na blogspot, ukiona umefikisha masika ya pili bado unaandika, hapo ndipo ununue.