Wamemwamsha binti yangu ili wapige picha ya Krismasi, halafu mwenye kosa ni mimi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tulitakiwa kukaa kwa wazazi wangu mpaka mwaka mpya. Tumeondoka tarehe 26 alfajiri, mimi, mke wangu na binti yetu wa miezi 20, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Naambiwa nimeharibu sikukuu ya ukoo mzima. Nimemvunjia mama heshima. Nimekaliwa na mke. Basi nielezeni nyinyi ambao hamkuwepo, kosa langu ni lipi.

Kuna watu wanasema tulikwenda na masharti chungu nzima. Hapana. Tulikuwa na ombi moja. MOJA. Wiki mbili kabla ya safari nilimpigia mama, nikaandika na kwenye kundi la WhatsApp la familia: mtoto analala mchana kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu, na usiku analala saa moja na nusu. Tunaomba chumba kilicho kimya, na akishalala asiamshwe. Mengine yote tutafuata ratiba yenu. Mama akajibu, "Mwanangu, hapa ni kwenu, chumba kipo." Dada yangu mkubwa akaweka dole gumba. Shangazi akaandika kwamba hata yeye amelea, hilo halina tabu.

Chumba kilikuwepo kweli. Tulipofika tarehe 23 tukakikuta kimejaa mabegi ya wageni na zawadi, mlango hautulii. Huyu anaingia kuchukua chaja, yule anatafuta viatu, mwingine anakuja "kumwona tu mtoto". Mke wangu akamlaza hivyo hivyo. Ilimchukua karibu saa nzima, maana mahali ni pageni, harufu ngeni, sauti ngeni. Dakika 20 baadaye shangazi anatoka chumbani na mtoto mikononi. "Nimeona anajigeuza nikajua ameamka."

Mtoto anapojigeuza hajaamka! Usingizi wa mtoto mdogo unapanda na kushuka, katikati anageuka, ananung'unika, hata macho anaweza kufumbua kidogo, kisha anazama tena. Ukimwacha dakika mbili tatu anaendelea kulala. Ukimnyanyua, umemkatisha. Hili nilimweleza shangazi kwa adabu zote, akaniambia amelea watoto watano.

Sasa wapo watakaosema usingizi wa saa moja ni jambo dogo la kukosesha watu raha. Si dogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5, na kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili linataka saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, tena kwa nyakati zilezile za kulala na kuamka. Binti yangu akiwa nyumbani anapata saa 12 na nusu. Kwa hesabu niliyoiweka mwenyewe, tarehe 23 alipata 9. Tarehe 24 alipata 8. Na mtoto si kama mtu mzima, kwamba akichoka sana atalala fofofo. Akipitiliza muda wake mwili unajikaza kuendelea kukesha, anakuwa kama amepandwa na kitu, anakimbia, anacheka kwa kelele, anaangusha vitu. Ndugu zangu waliona hilo wakasema, "Unaona? Hata hana usingizi." Huo ndio uchovu wenyewe! Nusu saa baadaye amejitupa sakafuni analia mpaka anakosa pumzi, na pale hao waliosema hana usingizi hawaonekani. Anabaki mama yake.

Tarehe 24 ndiyo siku niliyoanza kuumia kweli. Nyumba ina watu 19, televisheni inawaka tangu asubuhi na sauti iko juu, na mtoto anapitishwa mkono kwa mkono kama sahani. Watu anaowaona kwa mara ya kwanza tangu apate akili. Kila mmoja anataka abusiwe. "Mbusu babu mdogo. Mbusu. Bila kubusu sikuachii." Mtoto anajipinda kwa nyuma, anamtafuta mama yake kwa macho, na wanamgeuza uso asimwone, eti azoee.

Hofu ya mtu mgeni ni hatua ya ukuaji, jamani. Huanza mtoto akiwa na miezi kama minane hivi, na wengi bado wanayo wakikaribia miaka miwili. Maana yake mtoto sasa anatofautisha wake na wasio wake, akili inafanya kazi inavyopaswa. Hakuna aliyemfundisha kuwachukia ndugu zangu. Ukikaa chini karibu naye, ukaacha yeye akusogelee, ndani ya nusu saa atakuletea kijiko, kiatu, chochote alichoshika, na hapo umeshampata. Kaka yangu mdogo alifanya hivyo. Alikaa sakafuni anapanga vikopo bila kumwita, na mpaka jioni mtoto alikuwa anamfuata kila anakokwenda. Mtu mmoja kati ya 19.

Wengine wote waliamua kwamba tatizo ni mke wangu. Hawakuniambia mimi. Walimwambia yeye, tena nikiwa sebuleni nasikia. "Wifi, huyu mtoto mnamfungia ndani." "Wifi, umemdekeza." "Watoto wa siku hizi mnalea kwa kusoma simu." Mke wangu alikuwa anatabasamu na kusema "sawa dada", "sawa shangazi", huku amembeba mtoto wa kilo 11 tangu asubuhi. Na mimi nilinyamaza. Siku mbili nzima nilinyamaza kwa sababu nilitaka mama afurahi. Hilo linaniuma kuliko yote niliyofanyiwa, na nimemwomba mke wangu msamaha.

Soda na biskuti nilizifumbia macho, hizo ni siku tatu tu zitapita. Lakini tarehe 25 asubuhi baba mdogo alimpa karanga nzima. Kiganja kizima. Mke wangu alimkimbilia, akamwingiza kidole mdomoni akazitoa, na baba mdogo akacheka mbele ya watu: "Sisi tulikula na tuko hai." Walio hai ndio wanaoweza kusema hivyo, baba. Mtoto wa miezi 20 magego yake ya nyuma kabisa bado hayajaota, hawezi kuisaga karanga vizuri. Ataivunja vipande au ataimeza nzima, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inasema karanga na korosho nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka 5, na zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne. Mtoto anayekabwa mara nyingi hata hapigi kelele, kwa sababu hewa haipiti, kwa hiyo usitegemee utasikia. Nyumba imejaa kelele, watu 19, kila mmoja anadhani mwingine anamwangalia mtoto. Nilipokuwa peke yangu naye nyumbani nilikuwa nalala kwa amani zaidi kuliko pale penye macho 38.

Na kwa kuwa nimefika hapo, niseme na hili. Alipewa zawadi ya mdoli anayeimba, mfuniko wa betri umelegea, hauna skrubu. Ndani kuna zile betri bapa za duara mfano wa sarafu. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, mate yanaifanya itoe umeme, inatengeneza kemikali kali inayochoma nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili tu. Nilipoutoa mdoli nikauweka juu ya kabati nikaambiwa nimeikataa zawadi ya binamu. Ukagueni mdoli wenu leo, tafadhali. Mwenye skrubu ana nafuu. Usio na skrubu uwekeni mbali.

Sasa picha.

Siku ya Krismasi mtoto alikuwa amekwisha. Macho mekundu, anajikwaa mahali palipo sawa, akiguswa analia. Saa saba mchana mke wangu aliingia naye chumbani, akafunga dirisha, akalala pembeni yake. Mimi nikaweka kiti mlangoni nikakaa. Nilikaa pale kama mlinzi wa benki, kwangu lile lilikuwa jambo la lazima. Saa saba na dakika arobaini akashikwa na usingizi. Nikasikia kimya, nikashukuru Mungu. Mke wangu naye akasinzia, hakuwa amelala usiku mbili.

Baba akaniita nje nimsaidie kusogeza meza. Dakika kumi. Niliporudi kiti kimewekwa kando, mlango uko wazi, na mtoto analia kilio ambacho sijawahi kumsikia. Dada yangu alikuwa ameingia, amemnyanyua kitandani akiwa usingizini, anamvalisha gauni, kwa sababu mpiga picha amefika na ukoo mzima umeshajipanga. Mke wangu amekaa kitandani ameduwaa, anasema, "Nimemwomba amwache." Dada ananiambia, "Dakika tano tu, atalala baadaye."

Hakulala baadaye. Alilia kwa saa moja na dakika ishirini. Alimpiga mama yake usoni, kitu ambacho hajawahi kufanya. Alitapika. Mtoto wa umri ule hawezi kujituliza mwenyewe akifika pale, sehemu ya ubongo inayozuia hasira bado ni changa na itaendelea kukomaa mpaka atakapokuwa mtu wa miaka ishirini na kitu. Hamwezi kumchosha siku tatu halafu mkamdai subira ambayo hata nyinyi hamkuwa nayo, mlioshindwa kusubiri saa moja kwa ajili ya picha! Mpiga picha angesubiri. Watu wazima 15 wangesubiri. Aliyeonekana anapaswa kuvumilia ni mwenye miezi 20.

Na picha ikapigwa. Mtoto amefumba macho, mdomo wazi, machozi mpaka shingoni. Wote nyuma yake wanacheka. Jioni ikawekwa kwenye kundi la familia, na chini yake dada akaandika: "Mkali kama mama yake."

Hapo ndipo niliposema. Sikupiga kelele, sikumtukana mtu. Nilisimama sebuleni nikasema: tuliomba jambo moja, mkalikubali, mkalivunja siku tatu mfululizo, na kila mlipolivunja mkamlaumu mke wangu. Kesho tunaondoka. Nikamwomba dada aifute ile picha. Mama akaanza kulia. Nilikaa naye jikoni mpaka saa sita usiku, nikamweleza kwamba nampenda, kwamba mlango wetu uko wazi, kwamba aje yeye na baba wakae nasi hata mwezi, wamwone mjukuu akiwa amelala vizuri, wamjue jinsi alivyo mcheshi. Maana hawajamwona, wakuu. Siku tatu wamekaa naye na hawajamwona. Wamemwona mtoto aliyechoka wakadhani ndiye.

Mama aliniuliza, "Kwa hiyo usingizi tu ndio unatutenganisha?" Nikamwambia usingizi sisi tuliwaeleza wiki mbili kabla, kinachotutenganisha ni kwamba hakuna aliyeona tunastahili kusikilizwa.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Wanaosema nimekaliwa: mwenye mtoto ni mimi pia, na ombi la chumba nililiandika mimi kwa mkono wangu, mke wangu hakuandika hata neno. Wanaosema tungekaa nyumba ya wageni jirani tukaja mchana na kuondoka jioni: hilo ni wazo zuri, na mwakani kama tutakwenda ndivyo tutakavyofanya. Anayeuliza kama mtoto amerudia hali yake: usiku wa kwanza nyumbani alilala saa 13, akaamka anaimba. Usiku wa pili aliamka mara tatu akimwita mama yake, anahakikisha yupo. Mchana bado akisikia mlango wa chumba unafunguliwa anashtuka na kukaa.

Kwa wale ambao mmepita hapa na mkapatana na ndugu zenu, niambieni mlianza na nani. Mimi nafikiria kuanza na shangazi, maana baada ya sisi kuondoka alimtumia mke wangu ujumbe mfupi: "Mtoto kalala?" Hayo tu. Mke wangu alimjibu, "Kalala, shangazi. Asante kwa kuuliza."

Picha haijafutwa. Leo asubuhi wameiweka kuwa picha ya kundi.