Naomba ushauri: ni nani anayeuliza katika shairi la marehemu kaka yangu?

Dada wa Ngara
Wanajukwaa, hamjambo. Mwezi ujao jamaa zetu watakutana hapa Nairobi kumkumbuka kaka yangu, nami nimepewa jukumu la kusoma shairi alilotuachia daftarini na kueleza maana yake. Tulilelewa Ngara, karibu na Mto Nairobi. Shairi lenyewe ni hili:

*Tulikuwa wanne juu ya tawi moja,*
*ndimi zetu zambarau.*
*Mto ulipita chini ukituita*
*kwa majina.*
*Leo nimepita hapo kwa gari.*
*Maji yananiuliza*
*mimi ni nani.*

Nyumbani wanasema ni shairi la mazingira, la kulalamikia uchafu wa mto. Mimi silioni hivyo, kwa kuwa humo hamna taka wala harufu. Namwona mtu mzima aliyesahauliwa na mahali alipokulia. Hata hivyo, kila nikijaribu kulieleza, najikuta nasimulia utoto wetu na kuliacha shairi kando. Nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu
Pole sana kwa msiba, dada. Anzia kwenye vitenzi. Hili ni shairi huru, halina vina wala urari wa mizani, kwa hiyo uzito wake umebebwa na uteuzi wa maneno na mahali mishororo inapokatwa. Mshororo wa tatu ni mshata: "ukituita" inaning'inia hadi tushuke kwenye "kwa majina", na hapo ndipo tunapojua kwamba mto uliwafahamu watoto hao mmoja mmoja. Kisha angalia kitenzi "kupita". Mwanzoni watoto wametulia tawini na mto ndio unaopita. Mwishoni anayepita ni mtu. Nafsi nayo imebadilika, kutoka "tulikuwa" hadi "nimepita". Wale watatu wengine hawatajwi tena, na kwangu mimi huo ndio msiba wa shairi.

Mpenda Zambarau
Nakubaliana na Mwalimu, ila neno zito kuliko yote limerukwa. Aliyekula zambarau anajua jinsi ukakasi wake unavyoukausha mdomo na jinsi ulimi unavyobaki na rangi hata baada ya kusukutua, kiasi kwamba mtoto hawezi kumdanganya mama yake. Lakini "ndimi" si wingi wa "ulimi" tu. Ni "ni mimi" pia. Jibu la swali la mwisho lilikuwa limekwisha kutolewa katika mshororo wa pili, na mtoto, juu ya mti, hakuhitaji kuulizwa.

Mkaazi wa Kikuyu
Dada, usiwapuuze jamaa zako haraka hivyo. Mshororo wa mwisho hauna alama za mtajo. Kisarufi, "mimi ni nani" yaweza kuwa maneno ya maji yenyewe, yakijiulizia habari zao. Mto huo unaanzia huku kwetu, katika kinamasi cha Ondiri, na jina la jiji limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mto uliolipa jiji jina, uliowaita watoto kwa majina, sasa unamwomba mmoja wao aukumbushe jina lake. Hayo ni mazingira, ingawa taka hazikutajwa.

Mwalimu Mstaafu
Usomaji huo unakubalika. Mimi bado naegemea ule wa kwanza, kwa sababu mshororo wa gari umeshamweka mtu huyo mbele yetu, lakini sina hoja ya kuubatilisha wa pili.

Dada wa Ngara
Ahsanteni sana. Nimelirudia daftari usiku huu. Baada ya "yananiuliza" kuna nukta pacha, na mwishoni kuna alama ya kuuliza; zote mbili amezikata kwa kalamu ileile ya buluu, mstari mmoja ulionyooka, bila kusitasita. Mishororo hiyo ya mwisho nitaisoma mara mbili, ya kwanza kwa sauti yake, ya pili kwa sauti ya mto.