Naomba ushauri: namna ya kumrekodi baba mkwe kabla hajasahau

Ndugu zangu, baba mkwe wangu ni Mwingereza wa miaka 81, amekulia kijijini Norfolk. Kila tukienda kumsalimia hunionyesha kwa fimbo yake: pale tulichota maji ya pampu, pale palikuwa stesheni, reli ikafungwa 1959. Shule yake sasa ni nyumba ya watu wa London, huja wikendi tu. Juzi alipapasa matofali ya ukuta wa shule hiyo mpaka akaipata herufi aliyoichonga kwa msumari utotoni. Akanyamaza kabisa.

Kumbukumbu zimeanza kumtoka. Nataka wanangu wabaki na sauti ya babu yao, lakini nikiwasha simu anajibu kwa mkato. Mliowahi kurekodi wazee, mlianzaje? Nimwekee picha za zamani, au nirekodi tukiwa tunatembea?