O/D kwenye pikapu otomatiki: niiache au niizime?

Mbeba Saruji: Wakuu, habari za jioni. Miaka yote nimeendesha gari za klachi, sasa nataka pikapu otomatiki ya Toyota yenye gia nne, ya kusambazia saruji. Nimeona mbili, yadi tofauti. Ya kwanza bei imekaa vizuri, ila kwenye dashibodi kuna taa ya "O/D OFF" inayowakawaka. Muuzaji anasema nibonyeze kitufe pembeni ya gia itatulia. Ya pili imechangamka bei, haina taa yoyote. Na hiyo O/D yenyewe, mnaiacha au mnaizima?

Mtu wa Kibamba: Mkuu, hilo jina linachanganya wengi. O/D ni overdrive, yaani ile gia ya nne. Taa ikiwaka ujue imefungwa, unaishia gia ya tatu. Isipowaka, ya nne unayo. Ya tatu ni sawa kwa sawa: injini ikizunguka mara moja, shafti inayokwenda kwenye difu nayo mara moja. Ya nne, injini ikizunguka kama mara saba, shafti imeshazunguka kumi. Yangu nikitoka Kibaha na mwendo wa 80, mshale wa mizunguko ya injini unakaa 1,800 na kitu. Nikizima unaruka hadi 2,600, na mngurumo unausikia kabisa. Mafuta unayamwaga bure. Mimi naiacha siku zote.

Mama Vifaa: Kaka, siku zote wakati unatembea mtupu! Mimi nilikuwa napandisha Kisarawe na mifuko 20, tani nzima hiyo, O/D nimeiacha. Gari ikawa inaingia nne, inashindwa, inarudi tatu, inaingia nne tena, kilima kizima. Joto lote lile linaishia kwenye oili ya giaboksi. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, oili iliyokuwa nyekundu kama juisi ya rozela imekuwa kahawia na inanuka kuungua. Siku hizi nikiwa na mzigo nazima kabla ya kilima, na kushuka pia nazima, injini inanisaidia kushika gari, breki zinapumua. Kwenye tambarare nawasha.

Mtu wa Kibamba: Hapo umenipata, dada. Mimi nabeba magodoro.

Dogo wa Mwenge: Na kwenye foleni je?

Mama Vifaa: Foleni ya Mwenge gia ya nne unaifikia saa ngapi, mdogo wangu?

Fundi Gerezani: Mbona mmeiruka taa? Ikiwaka na kutulia, kuna mtu kabonyeza kitufe, basi. Kwenye Toyota nyingi za gia nne, ikiwakawaka ni kompyuta ya giaboksi imeona hitilafu na imeiandika. Kitufe hakiitibu. Inaweza kuwa solenoidi (vali ya umeme ya giaboksi) au waya tu, inaweza pia kuwa giaboksi ya kushusha, na ukiwa yadini huwezi kujua ni ipi. Lakini hata ile isiyo na taa usiiamini kwa macho. Ipashe moto, nenda nayo barabara iliyonyooka, ikifika 80 bonyeza kitufe. Mizunguko isipopanda, ya nne haikuwepo tangu mwanzo. Na uulize kama themostati ipo, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Sisi mafundi tuna tabia ya kuitoa eti Dar joto, halafu injini inachelewa kupata moto, na kompyuta hairuhusu O/D injini ikiwa baridi. Nimeletewa gari mbili za namna hiyo, wenyewe walishaanza kutafuta giaboksi.

Mbeba Saruji: Nimerudi. Ya kwanza niliomba tuipeleke hadi Mlandizi, muuzaji akasema mafuta hayatoshi. Nikamwambia naweka mimi. Akasema ana mgeni. Ya pili tumeenda nayo: nilipobonyeza, mshale ukaruka, nikabonyeza tena ukashuka. Oili nyekundu. Themostati haipo, fundi wao kakiri mwenyewe, nimeomba wairudishe ndiyo nilipe.

Fundi Gerezani: Simama palepale wakiifunga.