Nalipwa kripto niko Kigoma, nitumie kila mwezi au niiache ikae?

binti_mwanga

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, Mwanga, kazi yangu ni kuandika yale maneno yanayopita chini ya video, natoa Kifaransa naweka Kiswahili, wateja karibu wote wako nje. Hela kidogo kidogo kupitia benki makato yalikuwa yanamaliza kila kitu kwahiyo tukakubaliana wanilipe USDT, ile kripto inayofuata bei ya dola, na mmoja yeye analipa bitkoini tu hataki kingine.

Sasa kila ikiingia nauza hapohapo P2P, yaani kwa mtu mwingine kupitia apu, hela inakuja kwenye simu, nalipa chumba, bando, chakula na ada ya mdogo wangu yuko sekondari Kasulu. Kaka yangu ananisema kila siku, anasema bitkoini haiuzwi, niikalie kimya miaka mitano nitamshukuru. Mama naye anasema hela isiyoweza kununua migebuka sokoni hiyo sio hela, bora ninunue mawese msimu bei iko chini niweke ndani mpaka ipande, hiyo ndio akiba anayoijua yeye na ndio iliyotusomesha. Wote wananipenda na wote wananivuta.

Naomba ushauri wa watu wanaoitumia kweli, sio matreda. Mtu wa kawaida anatumia au anakalia? Na kuna namna ya kuitumia bila kuigeuza shilingi kila mara? Maana kila nikigeuza kuna kinachobaki njiani.

kaka_ujiji

Dada USDT uza utakavyo ile haikui, ila bitkoini usiuze. Zitakuwa milioni 21 basi, hakuna wa kuongeza, na kila kama miaka minne malipo ya wachimbaji, wale wenye kompyuta zinazohakiki miamala, yanakatwa nusu, Aprili 2024 yalishuka mpaka bitkoini 3.125 kwa bloku, yaani fungu moja la miamala. Kuna jamaa wa Marekani anaitwa Laszlo Hanyecz, tarehe 22 Mei 2010 alitoa bitkoini 10,000 akaletewa piza mbili. Desemba 2024 bitkoini moja ilivuka dola 100,000. Piga hiyo hesabu ni dola bilioni moja imeliwa na jibini juu. Kaka yako anajua anachosema, msikilize.

mwl_kasulu

Hiyo habari ya piza kila mtu anaileta lakini anaisoma upande mmoja. Mwaka 2010 bitkoini ilikuwa haina duka, ilikuwa namba kwenye kompyuta za watu wachache. Siku ile ndio ikaonekana kwamba kumbe kuna binadamu yuko tayari kupokea hizi namba akatoa chakula. Kama wote wangezikumbatia tangu 2009 bila hata mmoja kununua kitu, hiyo bei ya 2024 ingetoka wapi? Mimi yule jamaa namheshimu, aliitumia kama hela na hela ndio kazi yake.

Halafu ndugu yangu wa Ujiji, binti hajauliza bitkoini itapanda au haitapanda. Ameuliza afanye nini na mshahara wake. Hayo ni maswali mawili na ukiyachanganya unampoteza mtoto wa watu. Mtu mwenye mshahara mwingine akiweka bitkoini pembeni miaka mitano hana presha, ikishuka anaendelea kula. Binti hii ndio hela anayonunulia chakula.

Tazama tarehe. Novemba 2021 bitkoini ilikuwa karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilikuwa chini ya 17,000. Aliyeweka ada ya mdogo wake pale juu akaambiwa vumilia, ilibidi avumilie mpaka Machi 2024 ndio aione bei ile tena, zaidi ya miaka miwili, na hiyo sio mara ya kwanza, Desemba 2017 ilikaribia 20,000 mwaka uliofuata ikawa elfu tatu na kitu. Waliovumilia walipata, kweli kabisa. Lakini shule haivumilii, na mwenye nyumba pia. Kinachomuumiza mtu wa kawaida ni kulazimika kuuza siku mbaya kwa sababu mtoto kaugua, bei ikishuka huku huhitaji kuuza haikugusi.

Kwahiyo binti mimi nakushauri usigawe hela yako kwa jina la sarafu, gawa kwa tarehe ya kuihitaji. Hela ambayo kabla ya mwaka kuisha ina kazi, geuza na usiangalie nyuma hata bei ikipaa kesho. Isiyo na kazi yoyote, ambayo hata ukiugua hutaifikiria kwanza, hiyo ndio uikalie. Na kama mwezi huu hakuna iliyobaki basi hakuna ya kukalia, sio dhambi.

dogo_wa_kibirizi

Mwalimu kamaliza upande wa akiba, mimi niongelee hapo aliposema kuna kinachobaki njiani maana ndio kazi yangu ya kila siku.

Kwanza jua unalipa mara ngapi. Unalipa ada ya netiweki, ile njia kripto inayopitia, ukitoa kwenye waleti, yaani apu unayotunzia kripto, kwenda kwenye apu ya soko la kripto, unalipa ile tofauti ya bei ya P2P maana mnunuzi naye anataka faida yake, halafu unalipa kutoa kwa wakala. Ukigeuza vidogo vidogo kila siku mbili hizo ada zinajirudia. Panga siku moja au mbili kwa mwezi, geuza za matumizi yote kwa mkupuo, na unapoweza lipa kwa simu moja kwa moja bila kutoa keshi. Ukipokea USDT muulize mteja anatumia netiweki gani kabla hajatuma, akituma netiweki ambayo waleti yako haiijui utatafutana naye. Na kama ni netiweki ya Tron weka humo ndani TRX kidogo, sarafu yake ya kulipia ada, bila hivyo USDT zipo unaziona na kuzitoa huwezi.

Usalama sasa. Ukiuza P2P usimwachie mnunuzi koini kwa sababu ya meseji tu ya hela imeingia. Meseji zinatengenezwa, skrinshoti zinatengenezwa, ingia kwenye menyu ya simu yako uangalie salio kwa macho. Na jina la aliyetuma hela lifanane na jina la mnunuzi kwenye apu, likiwa tofauti rudisha na funga tredi hata kama anakubembeleza kwamba ni laini ya mke wake. Hela ya wizi inapita hivyohivyo, mwenye hela akilalamika laini inayofungwa ni yako.

Kuhusu kutumia bila kugeuza, hapa Kigoma kwa kweli hakuna sehemu. Sokoni Mwanga, Kibirizi, stendi, watu wanajua shilingi, na wale wa Kongo na Burundi wanajua dola na faranga zao. Na sheria usiisahau, Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba kripto sio fedha halali hapa nchini, halali ni shilingi. Tangu pale Rais Samia Juni 2021 aliwaambia Benki Kuu waanze kujiandaa na haya mambo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, lakini kutozwa kodi sio sawa na kuruhusiwa kununulia unga dukani. Wasikudanganye kwenye magrupu.

Sehemu inayofaa kutumia moja kwa moja ni mtandaoni. Unalipia programu za kazi yako, hifadhi ya mafaili, tovuti, kuna na sehemu zinauza vocha za simu kwa kripto. Linganisha bei kwanza maana zingine wamejiongezea. Lakini kama unacho kitu unalipia nje kila mwezi, kulipa kripto moja kwa moja ni bora kuliko kuuza, kutoa, halafu kuingiza tena kwenye kadi.

binti_mwanga

Asanteni sana, kaka wa Kibirizi hapo kwenye jina la mtumaji nilikuwa sipaangalii kwa makini kabisa. Programu ya kazi nalipia kila mwezi kwa kadi, nitaangalia kama wanapokea.

Naomba niulize kingine. Huyu wa bitkoini analipa kila akipokea kazi, vidogo vidogo, labda dola kumi na tano, ishirini. Nikisema nizikalie hizo, zitakaaje? Na USDT je, nikiacha kama akiba ya dola si ni salama kuliko shilingi?

mzee_wa_ngambo

Mwanangu niko Tabora, Ng'ambo, nimesoma uzi wote ngoja nikujibu hayo mawili.

Hivyo vidogo vidogo ni tatizo ambalo watu hawalioni mpaka siku ya kutoa. Ada ya bitkoini kwenye mnyororo wenyewe, yaani daftari lake kuu la miamala, haiangalii unatuma dola ngapi, inaangalia muamala wako una uzito gani wa data. Kila malipo uliyopokea yanakaa kama noti yake peke yake. Ukija kutumia zile ishirini kwa pamoja muamala unakuwa mzito na ada inapanda. Siku ile ya kukatwa nusu Aprili 2024 wastani wa ada kwa muamala mmoja ulipita dola 100. Ilishuka baadae, lakini fikiria ndio siku uliyokuwa na shida. Muombe mteja alimbikize alipe mara moja kwa mwezi, au atume kwa Lightning, njia ya pembeni ya kutuma bitkoini, ambako ada ni ndogo sana kwa malipo ya aina yako. Waleti nyingi za simu zinapokea.

USDT kuwa salama kuliko shilingi, hapana, ni hatari ya aina nyingine. Oktoba 2024 dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,700 hivi, mwisho wa Desemba ikawa kama 2,400. Aliyeweka ada ya Januari kwenye dola kwa kuogopa shilingi alikuta imepungua bila kuigusa. Na hizi zinazosema zimefungwa na dola hazifanani. UST ilianguka Mei 2022 ikaisha kabisa. USDC Machi 2023 ilishuka mpaka chini ya senti 90 ikayumba siku mbili tatu kwa sababu akiba yake nyingine ilikuwa kwenye benki ya Marekani iliyofilisika, ikarudi. USDT imeendelea kusimama lakini kampuni inayoitoa ina uwezo wa kufungia anwani. Itumie kama njia ya kupitishia malipo, miezi miwili mitatu sawa, usiifanye ghala la maisha.

Na kitu hamjakigusa wote. Mkisema kukalia, inakaa wapi? Ikikaa kwenye apu ya soko hujaikalia wewe, wameikalia wao. FTX, soko la kripto, Novemba 2022 ilikuwa kubwa duniani, wakasimamisha watu kutoa hela, ndani ya siku chache imefilisika. Soko la Mt. Gox vilevile 2014. Hela ya matumizi ya mwezi iache huko haina neno, ile ya miaka toa uweke kwenye waleti ambayo maneno yake 12 au 24 ya siri ya kuifungulia unayo wewe. Andika kwa kalamu, nakala mbili, nyumba mbili tofauti, usipige picha, usijitumie Whatsapp. Na mtu mmoja unayemuamini ajue karatasi iko wapi. Sisemi umpe, ajue tu ilipo. Nimezika ndugu ambaye watoto wake mpaka leo wanajua baba aliacha kitu na hakuna mwenye kuweza kukifungua, na hilo linaniuma kuliko bei kushuka.

kaka_ujiji

Mzee na mwalimu nawaelewa, lakini bado nasema kitu. Mkimwambia ageuze kila chenye kazi, mtu wa kipato chetu kila hela ina kazi, ataishia kutokuwa na hata kidogo na miaka kumi ijayo atakuwa palepale. Mimi naona atenge kidogo kwanza kabla ya matumizi, hata kama ni asilimia tano.

mwl_kasulu

Hapo tuko pamoja, atenge kwanza, sipingi. Ninachopinga ni kutenga kabla hana shilingi za dharura. Kwa Kigoma dharura tunaijua sura yake, 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi miezi mitatu kuanzia 15 Mei, na nyumba nyingi ambazo hazina hata mvuvi zilikosa hela kwa sababu mzunguko wote wa mji ulipungua. Miezi mitatu ya chakula na chumba iwe kwa shilingi, kwenye simu au kikoba. Ikishatimia hiyo ndio asilimia tano yako iende kwenye bitkoini, na hapo hata ishuke nusu hatauza.

Mama naye msimdharau. Mawese yana msimu, wanunuzi wako hapohapo mjini, na ukikwama saa nane mchana unauza dumu moja unabaki na mengine. Kasoro yake ni sehemu ya kuweka na kuvuja.

binti_mwanga

Nimeelewa sana. Nimeongea na mteja wa bitkoini amekubali kulipa mwisho wa mwezi mara moja na Lightning anayo. Shilingi za miezi mitatu bado sijafika, nina kama nusu, kwahiyo mpaka itimie nageuza zote hata za kwake, nimemwambia kaka amenuna kidogo ila kakubali. Mama nimempa hela ya madumu mawili msimu huu.

Mzee wa Ng'ambo, hiyo nakala ya pili ya maneno nikiweka kwa mama, yeye hajui kusoma Kiingereza na maneno yenyewe ni ya Kiingereza, kuna shida?

mzee_wa_ngambo

Hakuna shida mwanangu, yeye hatakiwi kuyasoma, anatakiwa kuyatunza. Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka, weka namba 1 mpaka 12 maana mpangilio ukibadilika hayafungui, funga kwenye nailoni weka na hati zake za kiwanja. Halafu kabla hujaweka hela yoyote kubwa, futa ile waleti kwenye simu uirudishe kwa kusoma kwenye karatasi ya mama, uone inarudi.